Ukishuka Usambara, Usiishie Mombo

Basi la kutoka Dar es Salaam likisimama Mombo, abiria wa Lushoto hushuka na vifurushi vyao wakatafuta Hiace ya kupanda mlima. Waliobaki vitini wanaendelea Same na Moshi. Abiria wa Tanga mjini hata hawafiki hapa. Basi lao limeshakata kulia pale Segera. Ndivyo mkoa mmoja unavyokatwa vipande viwili katika ratiba za wasafiri. Lushoto ni ya baridi, karoti na fungate. Tanga na Pangani ni za bahari, samaki na madafu. Mtu huenda huku mwaka huu na huko mwaka mwingine, wala haimpitikii kwamba sehemu hizi mbili zinajuana.

Sura hii inataka uziunge. Likizo ya siku tano inatosha kutembea Usambara Magharibi kwa miguu, kushuka hadi Mombo, kupita Tanga mjini na kumalizia Pangani. Unafuu wa nauli ni faida ya pembeni. Sababu hasa ni kwamba mlima huu na pwani hii vimetengenezana. Kwa karne kadhaa watu walipita kati yake wakibeba tumbaku, pembe za ndovu, vitambaa na chumvi, na baadaye bunduki na minyororo. Kuna wakati mfalme wa mlimani alikuwa na sauti hadi ufukweni. Kuna wakati mwingine bidhaa za pwani ndizo zilizoamua nani akae kitini huko juu. Anayetembelea upande mmoja tu amesoma nusu ya barua.

Anza mlimani. Sababu yake utaiona mwenyewe ukifika Irente.

Mvua inayotoka baharini

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ule mfululizo unaoanzia Taita nchini Kenya ukapita Upare, Usambara, Nguu na Uluguru hadi Udzungwa. Haikuzaliwa na volkano kama Kilimanjaro. Ni miamba ya kale sana iliyoinuliwa, na kwa muda mrefu imekuwa ikipokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Upepo huo ukigonga miteremko hupanda, hupoa na kuangusha mvua. Kwa hiyo misitu hii ilibaki mibichi hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikauka, na ndani yake wakabaki viumbe na mimea isiyopatikana kwingine duniani. Mmojawapo ni dughulishi, ua dogo la zambarau linalopenda kivuli cha miamba. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka kwao Ujerumani. Leo limejaa kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya likiwa limebeba jina lake, Saintpaulia, na wengi wanaolimwagilia hawajui kama Lushoto ipo.

Bonde la Lwengera huigawa Usambara pande mbili. Mashariki kuna Amani, juu ya Muheza. Magharibi kuna Soni, Bumbuli, Lushoto na Mtae, na huko ndiko tunakokwenda.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni ya kilomita 33 hivi, na karibu yote imechongwa ubavuni mwa mlima. Utapanda kiasi cha mita elfu moja. Masikio yataziba, na dirisha ulilolifungua kwa joto la Mombo utalifunga mwenyewe kabla ya kufika. Soni iko njiani, na maporomoko yake yanaonekana barabarani. Maji hayo yanashuka Mombo, yananywesha mashamba ya mpunga ya tambarare, yanaingia Mto Mkomazi, na Mkomazi unayamwaga katika Mto Pangani. Mvua iliyotoka baharini inarudi baharini kwa njia ile ile utakayoifuata wewe.

Lushoto yenyewe iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili, na kuta nene walizojenga bado zimesimama. Ila mji huu usikuchukulie muda. Lala, amka mapema, kunywa chai ya tangawizi, ingia njiani.

Njia za wenye mashamba

Usambara haina kilele kimoja cha kukiwania. Anayekuja kutafuta cheti cha kufika juu atasikitika. Kutembea huku ni kupita kwenye vinjia ambavyo watu wanavitumia kwenda shambani, msikitini, kanisani, shuleni na gulioni. Kwa sababu hiyo mwongozaji ni wa lazima. Njia zinaonekana vizuri sana, ila ziko nyingi mno, na nusu yake huishia uani kwa mtu. Vikundi vya waongozaji vya Lushoto vimekuwa na kazi hii tangu mpango wa utalii wa utamaduni wa miaka ya 1990. Chagua mzaliwa wa huku, anayejua ni shamba la nani na ugomvi wa mpaka ule uliishaje.

Siku ya kwanza nenda msitu wa Magamba, kaskazini ya mji. Vilele vyake vinapita mita 2,200. Humo utakuta mikulo mikubwa, miti ambayo maganda yake yakikwaruzwa hunukia kafuri, na mbega weupe kwa weusi wanaoruka bila kelele hadi tawi liwasaliti. Ukitoka msituni unakuwa umetoka ghafla: mti wa mwisho, kisha kabichi. Mpaka kati ya hifadhi na shamba ni mstari wa kuuruka kwa hatua moja, na hapo ndipo mjadala mzima wa milima hii ulipo. Ardhi ni finyu, watu ni wengi, na miteremko ni mikali.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliuona mjadala huo ikaujibu kwa amri. Katika miaka ya 1940, ikianzia bonde la Mlalo, iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta kukinga mmomonyoko. Kazi iliangukia wanawake zaidi, mavuno yakapungua kwa sababu sehemu ya shamba ililiwa na matuta, na Wasambaa wakapinga hadi mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwongozaji akikuonyesha mistari hafifu kwenye kilima kilicho mkabala, mwulize bibi yake alisemaje juu yake. Hadithi bado ziko majumbani.

Siku ya gulio, njia hizi hujaa. Tulipishana na bibi mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani, jembe mkononi. Kijana aliyetuongoza alikaa pembeni kumpisha.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Na hawa wageni wako wametoka wapi?”

“Dar es Salaam, bibi.”

“Kwa miguu?”

Kijana akacheka, bibi hakucheka. Akauliza habari za nyumbani kwa kila mmoja wetu, mkungu ukiwa palepale kichwani, kisha akaendelea na safari. Jifunze kutoka kwake: huku salamu haiharakishwi, na anayepita bila kusalimu huonekana mwizi au mgonjwa.

Mahali njia inapokutana na barabara ya magari utaona shehena ikisubiri fuso. Tazama magunia kwa makini. Kila moja limejazwa hadi mdomoni, kisha likavikwa kilemba cha kabichi au karoti kilichofumwa kwa kamba, kikainuka karibu nusu ya gunia lenyewe. Hiyo ndiyo lumbesa. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Kilemba ni cha bure. Serikali imepiga marufuku mara kadhaa na kuagiza mizani, lakini mkulima mwenye kabichi zinazoanza kunyauka hana nguvu ya kumgomea mwenye gari. Mlima unaendelea kuilisha miji ya chini, na bei inaendelea kupangwa na walio chini. Jambo hilo lina umri mkubwa kuliko fuso.

Irente, na mwana wa mfalme aliyehamia bondeni

Kutoka Lushoto hadi mwamba wa Irente ni mwendo wa kilomita tano au sita wa kupita vijijini. Kabla ya kufika kuna shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, ambako watu wamezoea kula chakula cha mchana cha mkate wa rai, jibini na jemu, vyote vikitengenezwa hapo hapo. Kula kwanza. Mwamba hauondoki.

Ukifika ukingoni, ardhi imekwisha. Chini yako, karibu mita elfu moja, imetandazwa nyika: mistari ya mkonge, reli, barabara kuu yenye malori madogo kama kunguni, na Mazinde. Watu wengi hupiga picha hapa wakageuka. Wewe kaa, maana unatazama ramani ya karne nzima.

Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1862, Usambara ilitawaliwa na Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene wa ukoo wa Wakilindi. Alikaa Vuga, ndani ya milima, na kodi zilimpandia huko: ng’ombe, vyakula, vitambaa. Wanawe aliwatawanya kuwa machifu wa wilaya. Nguvu yake ilishuka hadi pwani, kiasi kwamba madiwani wa baadhi ya miji kati ya Tanga na Pangani waliutambua ufalme wake sambamba na usultani wa Unguja. Wasambaa waliamini kwamba mfalme mmoja mwenye nguvu huiponya nchi na mvua hunyesha; wafalme wawili wakigombea, nchi huharibika na njaa huingia.

Mmoja wa wanawe, Semboja, alifanya jambo ambalo wakubwa wa ukoo hawakulizoea. Alishuka milimani akajenga Mazinde, hapo chini unapopaona, kando ya njia ya misafara ya kwenda bara. Waliopita na pembe za ndovu walipita kwake. Waliokuja na bunduki na baruti walimfikia yeye kwanza. Baba yake alipokufa na kiti cha Vuga kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu, Semboja alikuwa na bunduki na marafiki wa biashara kuliko mfalme mwenyewe. Ikaja vita. Wabondei, majirani wa upande wa pwani, wakaasi, wakakataa kutawaliwa tena na Wakilindi. Vuga ikachomwa moto. Watu wakakamatwa na kuuzwa pwani, kwa kuwa bunduki zilinunuliwa kwa pembe na kwa watu.

Semboja alishinda, na hapo ndipo Irente inapofaa kuliko kitabu chochote. Hakurudi juu kukaa kwenye kiti cha baba yake. Alimweka Vuga mwanawe, Kimweri Maguvu, na yeye akabaki Mazinde. Mfalme alikuwa mlimani, mwenye nchi alikuwa bondeni. Ukiwa juu ya mwamba huu unauona uamuzi wake kwa macho: huku nyuma yako mvua, migomba na makaburi ya wafalme, kule chini ukame, vumbi na barabara. Alichagua barabara.

Tunayajua haya kwa kina kwa sababu yaliandikwa kwa Kiswahili. Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyewahi kumtumikia Semboja, aliandika *Habari za Wakilindi*, na kitabu hicho kikatoka kwa sehemu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya historia vilivyoandikwa na Mswahili kwa lugha yake mwenyewe. Kitafute kabla ya safari, ukisome usiku Lushoto ukiwa umejifunika blanketi.

Vuga

Siku ya tatu teremka Soni, na kutoka hapo mwombe mwongozaji akupeleke Vuga kwa miguu. Hakuna ngome wala jumba. Kuna kijiji, mashamba, shule, makanisa na heshima. Wamisionari wa Kilutheri walijenga huku, na kiwanda cha uchapaji cha Vuga kilipeleka vitabu vyake mbali sana nje ya milima hii.

Utasimuliwa habari za Mbegha, mwanzilishi wa ukoo. Alizaliwa Nguu akiwa kigego, meno ya juu yakitangulia, na kigego hakuachwa aishi. Wazazi wake walimficha. Alipokua alifukuzwa, akawa mwindaji wa nguruwe. Wasambaa walimpokea kwa sababu nguruwe walikuwa wakimaliza mashamba yao naye aliwaua, akagawa nyama bure, akasuluhisha ugomvi. Alipomuua simba wakampa utawala. Wanahistoria wana namna yao ya kuipima hadithi hii, wakikadiria kwamba utawala huo ulianza katika karne ya 18. Mwenye kuisikiliza palepale Vuga ataona kitu kingine: ufalme ulianza kwa mtu mgeni aliyetoa kuliko alivyochukua, na ukavunjika ilipokuwa kinyume chake.

Februari 1857 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walitoka Pangani wakapanda hadi hapa. Walimkuta Kimweri mzee, mgonjwa. Miaka mitano baadaye alikuwa kaburini, na kizazi kimoja tu baada ya ziara ile pwani nzima ilikuwa chini ya bendera ya Ujerumani. Walikotoka wao ndiko tunakoshukia.

Reli na mkonge

Kurudi Mombo ni kurudi jotoni. Kuanzia hapa hadi Korogwe na kuendelea, dirisha litajaa mkonge, safu kwa safu. Mmea huu si wa kwetu. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida kupitia Hamburg. Ilifika hai 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, ng’ambo ya mto kule Pangani, na kutokana na hiyo michache zikatoka ekari zisizo na idadi za Tanga, kambi za manamba waliotoka mikoa ya mbali na hata nchi jirani, na fedha za kigeni ambazo Tanganyika iliingia nazo katika uhuru.

Mwaka huohuo wa 1893 reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Ilikwenda polepole na ikafika Mombo mwaka 1905, kabla ya kuendelea Moshi. Weka mambo haya mawili pamoja, kwa maana yanaeleza miji miwili utakayoiona. Mkonge ulianzia Pangani lakini reli ilianzia Tanga, na mzigo hufuata reli.

Tanga kwa siku moja

Tanga ni jiji la kutembea kwa baiskeli, na wenyeji ndivyo wanavyofanya. Kodi moja asubuhi kabla jua halijakaza. Upande wa bandari kuna majengo ya Kijerumani, mengine yametunzwa, mengine yameota miti ukutani. Ng’ambo ya reli kuna Ngamiani, mitaa iliyopangwa kwa mistari na kupewa namba, ambako anwani ya mtu ni barabara ya ngapi. Huko ndiko pa kula: vitumbua vya asubuhi, mihogo ya nazi, supu ya pweza jioni.

Stesheni ya reli inastahili dakika zako, kwa sababu ya Novemba 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walileta kikosi cha watu wapatao elfu nane, wengi wao askari kutoka India, kuuteka mji huu. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwaleta askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, chini ya milima uliyotoka kuishuka, akapigana akiwa na watu kama elfu moja. Nyuki waliochokozwa na risasi waliwashambulia wa pande zote mbili. Waingereza walirudi melini wakaacha bunduki na risasi ambazo Wajerumani walizitumia kwa muda mrefu. Reli iliyojengwa kubeba mazao ilishinda pambano. Katika makaburi ya mji utakuta majina ya wenye vyeo. Askari weusi na wapagazi waliokufa katika vita ile iliyodumu miaka minne, wengi hawana hata jiwe.

Mpenzi wa lugha ana sababu nyingine ya kusimama. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na hapa, mwaka 1909. Shule ya serikali ya Tanga ndiko lilikochapishwa gazeti la *Kiongozi* kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, likiandikwa na kusomwa na Waafrika waliokuwa wakijifunza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Ukarani, uandishi na ualimu wa Kiswahili cha kisasa vina mizizi mirefu katika mji huu, na Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha aliyewahi kufanya kazi Pangani.

Pangani

Kutoka Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 hivi kuelekea kusini. Mji uko ukingo wa kaskazini wa mto, palepale mto unapoingia baharini; ng’ambo ni Bweni na kilima chake. Maji ya hapo ni ya kahawia. Ni udongo wa mashamba ya juu, na wewe unajua sasa umetoka wapi.

Katika karne ya 19 hapa palikuwa mlango. Misafara ya kwenda Usambara, Upare, Kilimanjaro na Umasaini ilijikusanya hapa na kurudi hapa. Pembe ziliingia, vitambaa na shanga vikatoka. Watu waliotekwa katika vita vya mlimani nao waliingia, wengine wakavushwa Unguja na Pemba, wengine wakabaki kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya kandokando ya mto, maana Pangani ilisafirisha sukari na asali ya miwa. Ukitembea na mwenyeji mtaa wa Uhindini, chini ya roshani za mbao na milango ya nakshi, mwache akuonyeshe pia mahali watu walipowekwa kabla ya kusafirishwa. Nakshi na minyororo vililipiwa kwa fedha ileile.

Kisha ikaja 1888. Sultani wa Unguja alikuwa ameikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani, na mwezi Agosti kampuni ilianza kuchukua madaraka. Hapa Pangani mwakilishi wake, Emil von Zelewski, alipandisha bendera ya kampuni bila ridhaa ya liwali, na watu wake wakaingia msikitini kumsaka liwali wakati wa sala. Mji ukalipuka. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba karibu na mji, akawa kiongozi, na upinzani ukaenea pwani nzima.

Wakati huo wasafiri wawili, Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Oscar Baumann, walikuwa wakizunguka Usambara. Wapagazi wao wakawakimbia. Waliposhuka kuelekea pwani, kwa njia iliyo karibu sana na hii ya kwetu, walikamatwa na watu wa Abushiri, wakafungwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia. Mwaka uliofuata Meyer alirudi Afrika akapanda Kilimanjaro hadi kileleni, na vitabu vingi humwanzia huko juu, vikiruka miezi aliyojifunza kwamba mlima una pwani yake. Abushiri alinyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, baada ya afisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann kuuteka tena mji kwa mizinga na askari wa kukodi.

Nenda boma, jengo la kale lenye milango ya nakshi ambalo kwa miaka mingi limekuwa ofisi za serikali. Tazama forodha ya zamani kando ya mto. Kisha jiulize kwa nini mji uliokuwa na shughuli zote hizo leo una mitaa michache na kimya kirefu mchana. Jibu liko nyuma yako, kwenye reli. Mdomo wa mto una fungu la mchanga linalozuia meli kubwa, na treni ilipofika Mombo, mzigo wa bonde zima ukaacha kushuka mtoni. Ulikwenda Tanga. Hakuna aliyebomoa Pangani ili ajenge ghorofa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na fedha ya ghorofa. Kilichouponza mji ndicho kilichoutunza, na sasa chumvi na mizizi ya mitini vinaubomoa polepole bila kumwomba mtu ruhusa.

Jioni vuka Bweni, panda kilima, utaona mji, mto na bahari kwa mtazamo mmoja. Ukibakiwa na asubuhi, kodi mashua kwenda Maziwe, fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Safari hupangwa kwa saa za maji, wala nahodha hasukumwi.

Namna ya kuipanga

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba na Januari hadi Februari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, vinjia vya mlimani hugeuka utelezi na barabara ya Mombo hupata maporomoko ya udongo. Juni na Julai Lushoto ni baridi kweli. Beba sweta nene na soksi, kisha uzifungie begini Mombo. Viatu vyenye meno vinatosha, hakuna haja ya vifaa vya kupandia milima. Mbu wa bondeni na pwani wachukulie kwa uzito. Pangani ni mji wa Waislamu wenye staha: nguo za ufukweni ziishie ufukweni, na mwezi wa Ramadhani uliza kabla ya kutarajia chakula cha mchana.

Mlipe mwongozaji kwa makubaliano mliyoyafanya kabla ya kuanza kutembea, na kila mji uchukue mwenyeji wake. Wa Lushoto hajui milango ya Pangani, wa Pangani hajui njia za Vuga. Nunua vya njiani kwa bei anayotaja mama mwenye genge. Umeshaona lumbesa, shilingi mia mbili ya nyanya haikupunguzii kitu.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni la mwenye siku tatu tu: akate nini? Akate Tanga mjini, hata kama inauma, maana huko atarudi tu kwa harusi au msiba. Akate Magamba pia ikibidi. Vuga aiache kwa safari nyingine akiwa hana mwongozaji wa kumsimulia. Ila Irente na Pangani asiziguse. Pale juu ataona mahali alipokaa mtu aliyeamua kwamba utajiri uko barabarani, na pale chini ataona barabara hiyo iliishia wapi na iliwagharimu nini wengine. Hizo mbili zikibaki, safari imetimia. Moja ikitoka, atakuwa amekwenda tu kupunga upepo, jambo ambalo angeweza kulifanya Kigamboni.